Intaneti ya Mnara na Kazi ya Nyumbani: Piga Hesabu Kabla Hujakata Waya

Mwaka jana mwezi wa tisa alikuja kwetu dada mmoja wa Haltom City, anakaa kwenye apatimenti karibu na Denton Highway. Ni mzaliwa wa Bukavu, anafanya ukalimani wa Kiswahili kwa simu: hospitali inapiga, yeye yuko chumbani kwake, anamsaidia daktari na mgonjwa waelewane, analipwa kwa dakika. Hakuja kwa habari ya intaneti. Alikuja kwa sababu fedha za kumtumia mama yake zilikuwa zimepungua miezi miwili mfululizo na hakuelewa zinavujia wapi.

Tukakaa na daftari lake. Mwezi wa saba alikuwa amekata intaneti ya kebo ya dola 85 na kuchukua ya mnara, hii ya 5G ya nyumbani, kwa dola 50. Akafurahi, ameokoa dola 35. Wiki ya pili simu zikaanza kukatika katikati ya mazungumzo. Kampuni anayoifanyia kazi ikamwonya mara moja, kisha ikamfungia mtambo siku tisa "hadi utengeneze mtandao wako". Siku tisa bila simu hata moja, kwa wastani wa mapato yake, ni kama dola 900. Yaani aliokoa 420 za mwaka mzima na akapoteza mara mbili ya hizo kabla mwezi wa nane haujaisha.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba intaneti yenyewe haikuwa mbovu. Kifaa kilikuwa nyuma ya televisheni, katikati ya nyumba, kimezibwa na ukuta wa bafu, na laptopu ilikuwa inatumia wifi wakati mkataba wake ulitaka waya. Alikihamishia dirishani, akanunua waya wa mtandao wa dola kumi, na tangu hapo anafanya kazi vizuri tu. Tunaandika haya kwa sababu wasomaji wetu wengi wa Tarrant, Dallas na Houston wako kwenye njia hiyohiyo: wakalimani, wanaoandaa bili za hospitali, wanaojibu simu za wateja, wanaotunza vitabu vya hesabu kama sisi wenyewe. Intaneti ya mnara imewafungulia mlango wa kufanya kazi nje ya ofisi. Ila mlango huo una gharama zake, na mara nyingi anayezilipa ni wewe bila kujua.

Tumefikaje hapa

Texas ilikuwa mstari wa mbele kwenye mambo haya. Houston ilikuwa mmoja wa miji minne ya kwanza ambako Verizon walianza kuuza intaneti ya nyumbani ya 5G, tarehe 1 Oktoba 2018. Desemba mwaka huohuo AT&T, ambao makao makuu yao yako Dallas, wakawasha 5G ya simu kwenye miji 12, Dallas na Houston zikiwemo. Lakini ile ya mwanzo ya Houston ilitumia mawimbi ya juu sana: yana kasi ya kutisha lakini yanazuiwa na mti, ukuta, hata kioo. Mtu wa mtaa wa pili hakuyaona.

Mambo yalibadilika pale yalipokuja mawimbi ya katikati. T-Mobile walipoungana na Sprint mwaka 2020 walirithi mawimbi mengi ya aina hiyo, na Aprili 2021 wakaanza kuuza intaneti ya nyumbani kwa wingi. Verizon na AT&T wakawasha mawimbi yao ya katikati Januari 2022. Haya hayana kasi ya yale ya juu, lakini yanafika mbali na yanaingia ndani ya nyumba. Ndiyo maana leo mtu wa Haltom City, ambaye zamani alikuwa na kampuni moja tu ya kebo ya kumtegemea, ana njia mbili tatu za kuchagua.

Tukumbushe na jambo moja chungu. Wasomaji wetu wengi walikuwa kwenye ule mpango wa serikali wa kusaidia bili ya intaneti, dola 30 kwa mwezi. Mpango ule ulikuwa na kaya zaidi ya milioni 23 na ukaishiwa fedha: msaada kamili wa mwisho ulikuwa Aprili 2024, Juni 1 ukafungwa kabisa. Uliobaki ni Lifeline, ambao kwa wengi unatoa mpaka dola 9.25 kwa mwezi kwa wenye kipato kidogo. Kwa hiyo siku hizi bili ya intaneti ni yako yote, na ni halali kabisa kutafuta ya bei nafuu. Hatusemi usikate waya, tunasema pima kwanza.

Kasi wanayokutangazia siyo unayoihitaji

Matangazo yote yanataja kasi ya kupakua, yaani vitu vinavyokuja kwako: filamu, mpira, YouTube. Kazi ya nyumbani inategemea zaidi kinachotoka kwako, sauti yako na uso wako. Kwenye intaneti ya mnara kinachotoka ni kidogo kuliko kinachoingia, mara nyingi kwa mbali. Unaweza kuona 300 upande wa kuingia na 12 upande wa kutoka. Hiyo 12 inatosha kwa kazi karibu yoyote, usiogope. Ikishuka mpaka 2 ndipo unaanza kusikia "you're breaking up".

Tuweke namba, maana sisi bila namba hatulali. Simu ya sauti inatumia kama kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Kwa saa moja ni megabaiti 90. Ukifanya saa 8 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, unafika kama gigabaiti 16. Ni kidogo sana! Mkalimani wa simu hahitaji bando la ajabu. Video ni kitu kingine. Mkutano wa video unaokula megabiti 3 kwa sekunde kwa jumla, kwenda na kurudi, ni gigabaiti 1.35 kwa saa. Saa 6 kwa siku, siku 22, unafika gigabaiti 178. Sasa linganisha na hotspoti ya simu yako. Mipango mingi inayojiita haina kikomo ina kikomo kwenye hotspoti. Ukishamaliza fungu lako, kasi inashushwa mpaka barua pepe tu ndiyo inapita. Kwa sauti hotspoti inaweza kukubeba mwezi mzima. Kwa video utakwama mapema.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu hawakiangalii: muda ambao sauti inachukua kwenda na kurudi, ule unaoandikwa "ping" kwenye programu za kupima. Ukiwa chini ya 100 uko salama. Ukiruka kutoka 40 mpaka 400 halafu ukarudi 40, mgonjwa na daktari wataanza kuongea kwa pamoja, wewe katikati umepotea. Kwa kazi ya simu, mtandao wa polepole uliotulia ni bora kuliko wa kasi unaoyumba.

Pima hivi: siku tatu, saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa mbili usiku. Pima ukiwa umeunganisha waya na pale hasa utakapokaa kufanya kazi. Andika. Kwenye intaneti ya mnara, mnara ukielemewa wenye simu za mkononi hupewa kipaumbele na ya nyumbani inasubiri. Kuelemewa huko hutokea zaidi jioni, watu wakirudi na kuwasha televisheni, na kazi nyingi za hospitali na ofisi ni za mchana. Hapo mfanyakazi wa nyumbani ana bahati. Anayefanya zamu ya usiku mapema, kuanzia saa kumi na mbili jioni hivi, huyo ndiye apime mara mbili.

Usirudishe kifaa cha kebo siku hiyohiyo. Kaa na vyote viwili mwezi mmoja. Ndiyo, utalipa bili mbili mwezi huo. Dola 85 za mwezi mmoja ni bima ya bei ndogo ukilinganisha na siku tisa za yule dada yetu. Na kabla ya yote soma mkataba wako wa kazi: baadhi ya kampuni za ukalimani zinadai waya kutoka kwenye ruta hadi kompyuta, nyingine zinakataa intaneti isiyo ya kebo au faiba kabisa, na mitambo mingine ya waajiri inagombana na namna kampuni za simu zinavyopanga anwani za mtandao. Muulize mtu wa IT swali moja kwa barua pepe, utunze jibu lake.

Je, unaokoa kiasi gani kweli?

Hapa ndipo tunapobishana na wateja wetu. Mtu anatuambia, "nafanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, naokoa fedha nyingi." Haya, tuhesabu.

Chukua mtu wa Haltom City anayefanya kazi Las Colinas, kule Irving. Ni kama maili 20, kwenda na kurudi 40. Kiwango cha IRS cha mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, kwa hiyo siku moja ya kwenda kazini "inagharimu" dola 28. Lakini kiwango hicho kinajumlisha kuchakaa kwa gari, bima, matairi, kila kitu. Gari likikaa barazani bima haisimami na mkopo hausimami. Unachokiona mfukoni mara moja ni mafuta: maili 40 kwa gari la maili 25 kwa galoni ni galoni 1.6, tuseme dola 5. Ukiwa mtu wa kupita njia za kulipia za TEXPress kwenye 820 na 183, ambazo bei yake inapanda foleni ikipanda, ongeza hiyo. Tukadirie dola 5 nyingine. Siku 12 kwa mwezi zinakupa dola 120.

Sasa toa. Intaneti dola 50, ingawa labda ungekuwa nayo hata hivyo. Umeme: Texas mwezi wa nane hukai ndani mchana bila AC, na kabla ulikuwa unaizima ukitoka. Tunaona kwenye bili za wateja nyongeza ya dola 30 mpaka 50 miezi ya joto. Kinachobaki ni dola 20 mpaka 40. Siyo mbaya, lakini siyo "nyingi".

Fedha za kweli ziko kwenye gari la pili. Familia ya magari mawili ambayo mmoja anafanya kazi nyumbani siku zote tano inaweza kubaki na moja, na hapo unaokoa mkopo, bima, usajili na matengenezo kwa mpigo. Tuna wateja waliouza gari la pili na wakaanza kuweka dola 400 na zaidi kila mwezi. Haltom City siyo mji wa kuishi bila gari kabisa, tusidanganyane, ila mawili ni jambo la kujadili mezani.

Wengine wanahesabu na malezi ya watoto. Kwa kazi ya kompyuta tu, labda, mtoto akiwa amerudi shuleni. Kwa ukalimani wa hospitali, hapana. Mazungumzo ya mgonjwa ni siri kisheria, na kampuni zinataka chumba cha peke yako na mlango uliofungwa. Mtoto akilia nyuma yako wakati daktari anatoa majibu ya vipimo, hiyo ni onyo la kwanza, au la mwisho.

W-2 au 1099: hapa ndipo kodi inapotofautisha ndugu wawili

Ndugu wawili, nyumba moja, intaneti moja. Mmoja ameajiriwa, anapata W-2. Mwingine ni mkandarasi, anapata 1099. Mbele ya IRS ni watu wa dunia mbili.

Mwenye W-2 hawezi kudai chochote kwa ajili ya ofisi ya nyumbani wala intaneti kwenye kodi yake ya serikali kuu. Punguzo hilo lilisimamishwa kuanzia mwaka 2018, na watu walikuwa wanasubiri lirudi 2026. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imelifuta moja kwa moja. Kila msimu kuna mtu anakuja na risiti za intaneti kwenye bahasha, ameambiwa na rafiki kazini. Tunamrudishia bahasha yake. Texas nayo haina sheria inayomlazimisha mwajiri kukurudishia gharama hizo, tofauti na California au Illinois. Kinga iliyopo ni ile ya serikali kuu kwamba gharama za kazi zisishushe malipo yako chini ya kima cha chini, dola 7.25 kwa saa.

Njia yako ni kuomba. Mwajiri akikurejeshea fedha ya intaneti ya kazi kwa utaratibu wa risiti, fedha hiyo haikatwi kodi. Akikuongezea tu kwenye mshahara, inakatwa. Kwa hiyo dola 40 za kurejeshewa ni bora kuliko dola 40 za nyongeza. Waajiri wengi hawasemi mpaka uulize, na wengi wao wakiulizwa wanatoa, maana wao wameokoa meza, kiti na maegesho.

Mwenye 1099 ana haki zaidi na mzigo zaidi. Kwenye Schedule C anaweza kuweka sehemu ya intaneti inayotumika kwa kazi. Sehemu tu! Watoto wakitazama katuni jioni kwa intaneti hiyohiyo, huwezi kudai yote. Anaweza kudai hedifoni, laptopu, waya, na nafasi ya kazi nyumbani: njia rahisi ni dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300, yaani dola 1,500. Sharti ni kwamba nafasi hiyo itumike kwa kazi peke yake na mara kwa mara. Siyo lazima kiwe chumba kizima. Kona ya chumba cha kulala inayojulikana kuwa ni ya kazi inakubalika, meza ya kulia chakula haikubaliki.

Tumchukue mkalimani aliyeingiza dola 24,000. Intaneti ya mwaka dola 600, asilimia 80 kwa kazi, ni 480. Kona ya futi 100 ni 500. Vifaa 900. Jumla 1,880. Asipozidai, kodi ya kujiajiri peke yake, ile ya asilimia 15.3, inafika kama dola 3,390. Akizidai inashuka hadi kama 3,125. Tofauti ni dola 265, bado hatujagusa kodi ya mapato. Hizo ni fedha za kutuma nyumbani zinazoachwa mezani kwa kukosa kutunza risiti kwenye bahasha.

Na mzigo? Hakuna anayekukatia kodi njiani. Lazima ulipe mwenyewe mara nne: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Fungua akaunti ya akiba ya pembeni, na kila malipo yakiingia hamisha asilimia 20 mpaka 25 kabla hujafungua programu ya kutuma fedha. Halafu kuna uvumi umeanza. Kuanzia malipo ya mwaka 2026, anayekulipa halazimiki kutoa 1099 kama jumla haifiki dola 2,000. Zamani ilikuwa 600. Watu wanasema eti chini ya 2,000 haina kodi. Si kweli. Karatasi isipokuja, mapato bado ni mapato, na faida ya kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka unadaiwa kodi ya kujiajiri.

Umeme ukikatika

Ndugu zetu wa Houston hawahitaji kukumbushwa Beryl. Tarehe 8 Julai 2024 zaidi ya wateja milioni 2 wa CenterPoint walikosa umeme, wengine kwa siku nyingi. Sisi wa kaskazini tunaikumbuka baridi ya Februari 2021. Intaneti ya mnara haina waya wa kukatwa na mti, lakini kifaa chako kinataka umeme na mnara nao unataka umeme. Betri za minara ni za saa, siyo za wiki.

Kwa kukatika kwa muda mfupi, betri ndogo ya UPS inabeba kifaa na laptopu mpaka umalize simu uliyo nayo. Njia ya pili ni ya bei nafuu na watu wachache wanaifanya: usiweke simu na intaneti ya nyumbani kwenye kampuni moja. Ndiyo, wanakupa punguzo ukiunganisha, na mara nyingi ni zuri. Lakini mtandao huo ukianguka, umeanguka na kila kitu. Laini ya pili ya eSIM ya kampuni nyingine, ya malipo kabla, inatosha kubeba kazi ya sauti siku mbili tatu. Tumeshaona hapo juu ni megabaiti 90 tu kwa saa.

Na kwa anayelipwa kwa dakika, dhoruba ni likizo bila malipo. Akiba ya dharura ya mfanyakazi wa nyumbani mwenye 1099 iwe kubwa kuliko ya jirani yake wa W-2. Sisi tunashauri miezi miwili ya kodi ya nyumba kabla ya kuongeza kiwango unachotuma. Tunajua ni vigumu kumwambia mama hivyo.

Tukiwa kwenye kutuma: tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje kwa kulipia taslimu, hawala za karatasi au hundi za kaunta. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kadi iliyotolewa hapa, kodi hiyo haikuhusu. Kama una intaneti ya kufanyia kazi, huna sababu ya kwenda kupanga foleni dukani na dola 300 mkononi ulipe tatu za bure.

"Naweza kufanyia kazi nyumbani kwetu?"

Swali hili tunaulizwa kila Desemba inapokaribia. Kwa upande wa mtandao jibu ni ndiyo, mara nyingi. Vodacom Tanzania na Safaricom wote walianza kuuza 5G mwaka 2022, na Nairobi au Dar es Salaam ukipata mtaa mzuri utapata kasi kama ya hapa. Lakini nyaya za baharini zinazotuunganisha ni chache: Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na nchi zetu zote zikayumba kwa siku kadhaa. Na Tanzania intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, ikakaa hivyo siku kadhaa. Unayelipwa kwa dakika weka hilo akilini ukinunua tiketi. Halafu saa: Desemba Texas iko nyuma kwa saa 9, kwa hiyo siku ya kazi ya hapa ni kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa nane usiku kule.

Kikwazo kikubwa ni karatasi. Waajiri wengi wa mambo ya afya hawaruhusu data ya wagonjwa kufunguliwa nje ya Marekani, na mtambo unaona uko wapi. Kutumia VPN kujificha ni njia ya haraka ya kupoteza kazi. Usimsikilize anayekuambia yeye hafanywi kitu. Aliyechukua uraia wa Marekani na akarudi Tanzania anaingia kama mgeni, na viza ya matembezi siyo ruhusa ya kazi. Mkenya mwenye uraia wa nchi zote mbili yuko huru zaidi. Kwa wageni Kenya ilianzisha mwaka 2024 kibali cha daraja N kwa wanaofanya kazi za nje kwa mtandao. Kodi nayo haikuachi: raia na mwenye green card anadaiwa na Marekani popote alipo, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato wala wa hifadhi ya jamii na Kenya wala Tanzania. Kuna msamaha wa mapato ya nje, lakini mara nyingi unataka uwe nje siku 330 ndani ya miezi 12, na hata ukiupata, kodi ya kujiajiri inabaki palepale.

Yule dada wa Denton Highway naye alitaka kwenda Bukavu wiki sita na laptopu. Tukamwambia aombe ruhusa kwa barua pepe, siyo kwa simu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: hairuhusiwi. Basi akapanga wiki tatu badala ya sita, akaanza kutenga dola 60 kila wiki kufidia siku asizolipwa, na kabla ya kuondoka akachomoa kifaa cha dirishani, akapiga simu kuuliza kama bili inaweza kusimamishwa. Wakamwambia haisimami.